Punje Mbili za Tunda Moja

Sikiliza, mimi sina ugomvi na wanyonya damu. Ugomvi wangu ni na wanaowaandika. Mtu ana miaka mia tatu, ameona vita, amezika wafalme, anajua lugha saba, halafu kila asubuhi anabeba begi kwenda sekondari kukaa dawati moja na watoto! Miaka mia tatu na bado hajamaliza kidato cha nne? Huyo asituogopeshe, atafutiwe twisheni.

Maneno hayo nayasema kila siku dukani kwa Siti, hapa Bukoba mjini, nyuma ya soko. Mimi natoa kopi na kuwachapia watu barua, yeye anauza madaftari na vitabu vya mitumba. Vitabu vinakuja kwenye marobota, vingi vya Kiingereza, na robota likifunguliwa mimi ndiye wa kwanza kuinama. Nachagua vile vya vijana, vyenye msichana wa gauni jeusi kwenye jalada na mwezi mkubwa nyuma yake. Wanafunzi wananijua. Wakiingia hawaulizi bei, wanauliza, "Dada Koku, hiki kikoje?" Nami nasema kweli tupu. Hiki ni kizuri hadi katikati, halafu wanaanza kubusiana na vita vinasahaulika. Hiki, msichana anatoka dirishani kila usiku na mama yake hana habari. Mama gani huyo? Mimi kwetu Kimwani nikikohoa tu, mama anauliza nimekunywa maji ya wapi.

"Shoga, utanifilisi," Siti husema. "Mteja kakishika mkononi, wewe unamwambia kibovu!"

"Si kibovu. Kina mambo ya kipuuzi."

Ninachokipenda ni kitabu ambacho uchawi una gharama. Ukiroga, kuna kitu kinakutoka na hakirudi. Uchawi wa bure ni mazingaombwe ya sikukuu ya shule. Na sipendi yale mabaraza ya wazee wa giza, wamevaa majoho, wamekaa kwenye viti vya mawe, kazi yao kuwakataza wawili wasipendane basi. Nilikuwa nasema hakuna baraza la hivyo duniani. Ndivyo nilivyosema, na mdomo wangu huu, mpaka baraza likakaa kwetu kwenye viti vya plastiki.

Ilikuwa hivi. Kyaruzi alikuja kujitambulisha kwa wazazi wangu. Kyaruzi ni kijana wa Kemondo, anapima kahawa ghalani, mpole mpaka anaudhi. Tulijuana alipokuja kutoa kopi ya cheti chake. Umeme ulikuwa umekatika, akakaa kusubiri, akachukua kitabu changu mezani na kuniuliza kwa nini nimeandika MJINGA pembeni ya jina la shujaa. Nikamweleza. Umeme ukarudi, naye hakuondoka. Baba yake alifariki zamani, aliyemlea ni babu yake mzaa baba, mzee Bartholomayo, ambaye mimi nilikuwa sijamwona. Miguu ilimsumbua, hakuwa mtu wa kutoka.

Siku hiyo alitoka. Baba yangu, Kahigi, mzee wa kanisa wa Kilutheri, amesimama uani kwa koti lake la Jumapili. Noah ikasimama chini ya kibanja, shamba letu la migomba, akashuka Kyaruzi, akashuka baba yake mkubwa, kisha wakamshusha mzee mrefu mwenye fimbo. Baba akaanza, "Mgeni njoo, mwenyeji..." Hakumaliza. Akakimbia. Baba yangu hakimbii hata mvua ikimkuta shambani, lakini siku ile alikimbia, akampigia magoti yule mzee kwenye matope na suruali yake nzuri.

"Mnywani wa baba!" alilia. "Umekuja! Umekuja nyumbani!"

Mzee naye machozi yanamtoka. "Gari lilipokata kona ndipo nilipoijua njia," alisema. "Hawakuniambia kama ni kwa Kagaruki. Waliniambia tunakwenda kwa Kahigi. Nawe nilikuacha kijana mdogo, waitu."

Wanawake wakapiga vigelegele, mimi nikawa wa kwanza. Nilifikiri, ama kweli nimebarikiwa, mpaka wazee wanafahamiana! Ni shangazi Evodia tu ambaye hakupiga. Alikuwa ameshika sinia la kahawa ya kutafuna ya kuwapa wageni. Akaliweka chini polepole.

"Kahigi," alisema. "Simama kwanza. Huyu ndiye aliyenywana na baba?"

"Ndiye."

"Na kijana huyu ni mjukuu wake?"

Vigelegele vikakatika. Mimi cha kwangu kilibaki mdomoni.

Kwa asiyejua mambo yetu, nieleze. Zamani Wahaya wawili waliopendana kama ndugu waliweza kuwa ndugu kweli. Linatwaliwa tunda moja la kahawa, lenye punje mbili ndani. Kila mmoja anachanjwa karibu na kitovu, anapaka damu yake kwenye punje, wanabadilishana, wanameza. Huko ndiko kunywana. Kuanzia hapo nyumba yako ni yake na watoto wako ni wake, na anayemsaliti mwenzake ile kahawa itamvimbisha tumbo mpaka afe. Na kwa kuwa ni ndugu, watoto wao hawaoani. Wala wajukuu. Babu yangu Kagaruki na babu yake Kyaruzi walikula kahawa hiyo kabla baba yangu hajazaliwa.

Yaani mimi, mtaalamu wa wanyonya damu wa mkoa mzima, nimekatazwa kuolewa kwa sababu ya damu ambayo babu yangu alimeza!

Wageni walikula, wakaambiwa wazee watafakari na wote wakutane tena. Walipoondoka nikamkabili baba.

"Baba, wewe unasoma somo madhabahuni. Unaamini kahawa na damu?"

"Kuamini ni kwa Mungu," alijibu. "Hii si imani, Kokwijuka. Hii ni ahadi, na ahadi ni deni. Baba yangu hayupo wa kuifuta."

Nikarudi Bukoba. Siku zile, jamani, sitaki hata adui yangu azipitie. Nilifungua kitabu, nikasoma ukurasa mmoja, nikarudia, nikarudia tena, sikujua nani kamuua nani. Nikasimama mlangoni. Nikakaa. Nikatoa kopi ya mtu upande usio na maandishi, karatasi tupu juu ya karatasi tupu. Mwanafunzi akaniuliza kitabu cha malaika kikoje nikamwambia chukua tu, vyote ni uongo. Siti akaninyang'anya funguo za mashine.

"Nenda kapunge upepo ziwani. Unanizungukazunguka dukani kama kuku anayetaka kutaga."

"Nikapunge upepo mimi mgonjwa?"

"Ndiyo, mgonjwa. Au mpigie huyo bwana."

Nilikuwa nimeshampigia. Kila nikimpigia Kyaruzi anasema tungoje wazee. Tungoje, tungoje! Nikapanda bodaboda hadi Kemondo, vumbi lote likanijaa machoni, nikamkuta uani kwao anafua shati. Nyumba yao iko juu kidogo ya bandari, chini watu walikuwa wanapakia magunia, kelele tele, na mimi nikaongeza zangu.

"Umefanya nini mpaka sasa?"

"Nimezungumza na baba mkubwa."

"Halafu?"

"Kasema tuwasikilize wazee."

"Kyaruzi! Nimesoma wanyonya damu, nimesoma watu wanaogeuka mbwamwitu, nimesoma malaika waliofukuzwa mbinguni. Wote wana msimamo kuliko wewe!"

"Hao hawana babu," alisema.

Nikaanza kulia kwa sauti, jambo ambalo vitabuni nalikosoa sana. Naye akabaki ameshika shati linalochuruzika, macho mekundu, hajui aliweke wapi. Hapo ndipo nilipojua kwamba naye halali.

Sauti ikaniita kutoka baraza la nyuma. Mzee Bartholomayo alikuwa amekaa pale muda wote, anatafuna kahawa. Alisikia yote. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Kaa, waitu," alisema. "Nasikia wewe msomaji. Humo vitabuni, wakikatazwa namna hii, wanafanyaje?"

Nilikuwa na hasira, nikamjibu kwa hasira. "Wanadanganya, babu. Yaani waandishi ndio wanaodanganya. Kunakuwa na agano, kiapo, damu, mambo mazito. Kurasa mia nne unahangaika nao, unakosa usingizi. Mwisho anatokea mzee mmoja anasema, kumbe siku ile kiapo hakikukamilika. Kumbe mmoja hakunywa. Basi, wote huru, harusi! Ni hila ya uvivu hiyo. Mwandishi kajifungia mwenyewe, funguo katupa, sasa anatoboa ukuta."

"Na watu wanakubali?"

"Wanakubali. Si wanataka harusi?"

"Hm," alisema, akaendelea kutafuna. Akaniuliza habari za mama, na kama ule mfereji wa kwa Kagaruki bado una maji. Nikaondoka bila kupata lolote.

Wazee walikutana tena kwetu Kimwani Jumamosi, mchana, viti vilevile vya plastiki. Mimi sikutakiwa kukaa nao. Nilikuwa jikoni, mlango nimeuacha wazi, namenya ndizi ambazo hakuna aliyeniagiza nimenye. Kyaruzi alikaa pembeni ya baba yake mkubwa, ameinamisha kichwa. Baba akakohoa ili atoe hukumu, na sote tulijua ni ipi.

"Kahigi," mzee Bartholomayo akamkatiza. "Kabla hujasema, nina neno. Mimi sikumeza."

Kisu kikanitoka mkononi.

"Siku ile nilikuwa nimeanza mafundisho ya ubatizo," mzee aliendelea. "Mwinjilisti alituambia damu ya Yesu inatosha. Niliogopa. Na Kagaruki niliogopa kumkatalia. Nikaiweka punje chini ya ulimi. Alipoinama kufuta kisu kwenye jani la mgomba, nikaitema. Kuku akaja akaidonoa. Kuku mweusi, mwenye kishungi. Kagaruki alimeza yangu. Mimi yake sikuimeza. Kwa hiyo hakuna undugu hapa. Vijana hawana kizuizi."

Niseme kweli, sikumwonea mtu huruma wakati ule, nilifurahi tu. Huru! Nilikuwa nimeshaanza kumtafuta Kyaruzi kwa macho niliposikia kiti cha baba kikianguka.

"Baba yangu alikuficha ndani ya nyumba hii ulipotafutwa," baba alisema. Sauti yake sijawahi kuisikia vile. "Alikukatia kipande cha kibanja hiki, ukalima, ukala, ukalea watoto. Alipokuwa anakata roho alikuita wewe kabla ya kuniita mimi."

"Ndiyo."

"Ukaja. Ukamshika mkono."

"Nilimshika."

"Huku ukijua."

"Huku nikijua," mzee alisema.

Baba akageukia upande wa Kyaruzi. "Sasa mnataka nimpeleke binti yangu kwenye nyumba ya watu kama hawa?"

Loh! Nilifika mlangoni bila kujijua. Juzi nakatazwa kwa kuwa ni ndugu, leo nakatazwa kwa kuwa hatukuwahi kuwa ndugu! Nilitaka kupiga kelele, ila shangazi Evodia alinitangulia.

"Kahigi, chagua moja," alisema. "Huwezi kumnyima mtoto kwa ajili ya undugu, halafu umnyime tena kwa kukosa undugu. Kijana huyu hakuwepo. Aliyetema ni mzee."

Baba akaokota kiti chake, hakukikalia.

"Vijana waoane," alisema mwishowe. "Sitamwadhibu mjukuu kwa ulimi wa babu yake. Lakini wewe, mzee, usikanyage hapa tena. Na siku utakayokufa, nyumba hii haitakulilia. Hatutakuja na ndizi, hatutakuja na mkeka, hatutakaa matanga yako. Baba yangu hana mnywani."

Akaingia ndani. Kwetu mtu akinywana na mwenzake, nyumba ya mwenzake ndiyo inayomlilia kama wa kwao, na wazee wanalihesabu hilo kuliko jeneza. Mzee Bartholomayo aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyetajiwa bei aliyoitegemea. Akaomba asaidiwe kusimama. Kyaruzi alikwenda kuita gari, mzee akaketi kwenye kiti mwisho wa kibanja, peke yake, hakuna aliyemsindikiza.

Na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nikiwa na raha yangu yote, lakini yule kuku ananikera. Kwa nini kuku? Nimesoma vitabu vingi, siwezi kukosa kujua mtu anapotunga. Anayesimulia aibu yake ya kweli anaisimulia kwa haraka, aimalize. Hakumbuki kishungi. Halafu ndipo lilipokuja lile lingine, likanipiga kifuani: mmoja hakunywa. Kumbe mmoja hakunywa. Ni mimi niliyemfundisha!

Nikashuka kibanjani mbio, nikakwaa mizizi, nikafika nahema.

"Babu. Ulimeza au hukumeza?"

Alinitazama. Akatazama nyumbani, akaona hakuna anayekuja.

"Nilimeza," alisema. "Ilikwama hapa. Kagaruki akanicheka, akanipa rubisi niteremshie."

"Hicho ni kitabu changu, babu! Nilikwambia ni hila ya uvivu!"

"Ulisema. Lakini ulisema pia watu wanaikubali."

"Narudi kumwambia baba."

Akanishika mkono. Ana mkono mkavu, una nguvu kuliko nilivyodhani. "Ukamwambie nini? Atanirudishia undugu, wewe atakunyima mume. Mjukuu wangu naye atakosa mke. Nilikusikia unavyolia pale uani, waitu. Na huyu wangu analia ndani kwa ndani, ni mbaya zaidi. Ungekuwa ni mjukuu wa mtu mwingine ningekaa kimya. Wewe ni wa Kagaruki. Angekuwepo angeniambia, danganya, mnywani wangu, nami nitakusaidia."

"Basi mimi na Kyaruzi ni ndugu kweli?"

"Mimi na Kagaruki ndio ndugu. Nikienda mimi, tumekwisha."

"Na tumbo? Wanasema mwenye kusaliti linavimba."

Akacheka, meno hana. "Kwa umri huu, likivimba nani atajua kama ni kahawa au ni uzee?"

Mimi sikucheka. Nililia, sikujali tena nani anaandika nini pembeni. Gari lilikuwa linapanda, nilisikia mlio wake, na nikataka kumpa kitu kabla hajaondoka, chochote.

"Babu, nitakulilia mimi," nikasema. "Nikishaolewa kwako, nani atanizuia? Siku hiyo atakuwepo wa nyumba ya Kagaruki, atalia kuliko wote."

Alinipapasa mkono. Alinijibu kwa upole, ndiyo maana inaniuma mpaka leo.

"Utalia, najua. Utalia kama mke wa mjukuu wangu," alisema. "Mimi nilitaka nililiwe kama ndugu."

Kyaruzi akafika, akamwinua, akamweka kwenye gari. Hakujua kitu. Alinitazama, uso wake wote unang'aa, mara ya kwanza tangu tujuane namwona hivyo, na mimi nikampenda wakati huohuo nikitamani kuzama. Juu nyumbani wanawake walikuwa wameanza vigelegele upya, wananiita jina. Baba alisimama dirishani, kaupa mgongo uwanja. Ningeweza kwenda kwake, ni hatua chache tu. Neno moja lingetosha.

Nikaingia ndani. Shangazi Evodia akanifuta uso kwa kanga yake, akauliza mbona bibi harusi analia hivi. Nikasema ni furaha, na nusu yake ilikuwa kweli.